Jina Lililokuja Baada ya "Twende"

Vifaa vilitangulia, jina likachelewa. Ukumbi wangu wa michezo ya watoto ulikuwa tayari, magodoro ya sponji yametandikwa, bembea nne zimefungwa, mtelezo umesimama, bwawa la mipira limejaa. Fomu ya usajili ilikaa mezani wiki tatu nzima, na nafasi ya jina ilikuwa tupu.

Jina la kwanza niliandika mwenyewe usiku mmoja: Kituo cha Michezo na Burudani kwa Watoto. Niliona limekamilika, kwa sababu linaeleza kila kitu. Asubuhi nikalisema kwa sauti mara mbili, likanichosha. Hakuna mtoto duniani atakayemvuta mama yake mkono akidai apelekwe kwenye kituo cha michezo na burudani.

Baadaye nilifarijika niliposoma kuhusu Friedrich Fröbel. Mwaka 1837, katika mji wa Blankenburg huko Ujerumani, alianzisha taasisi ya watoto wadogo, na jina lake la mwanzo lilikuwa refu na zito kama langu, likitaja michezo na shughuli. Mwaka 1840 ndipo alipoiita Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Neno hilo moja limevuka mipaka hadi leo Wamarekani wanalitumia kama lilivyo. Sisi tuna chekechea, na mimi nalipenda zaidi, maana ukilitamka unasikia mtu anacheka.

Basi nikaanza kutafuta neno moja. Nililoliangukia ni Rukaruka. Nilifurahi kweli! Lina mwendo, linajirudia, na watoto hupenda maneno yanayojirudia. Nikamwita binti yangu, ana miaka 3, nikamwambia aseme. Akasema, "Lukaluka." Nikasema tena polepole. "Lukaluka," akajibu, akaanza kuruka.

Sauti ya r huchelewa kwa watoto wengi. Za mwanzo ni zile za midomo, m, b na p, ndiyo maana mama na baba hutangulia. Hata hivyo, nilitaka kulipa Rukaruka nafasi. Nikawapigia simu watu sita, nikawatajia jina mara moja tu, nikawaomba waniandikie ujumbe. Wanne waliandika kwa r, wawili kwa l. Hao wawili ni watu wazima, wamesoma, ila r na l kwetu zinabadilishana sana kinywani. Nikajiuliza mzazi aliyelisikia jina kwa jirani atanipataje kwenye intaneti akiandika herufi nyingine. Nililiacha, na iliniuma.

Rafiki mmoja alisikia habari za sauti ya b, akapendekeza Bubu, akaambatanisha na neno la kigeni. Kwa mgeni linapendeza. Kwetu bubu ni mtu asiyeweza kusema, na nilikuwa natarajia kupokea watoto wa namna hiyo pia. Sikutaka mzazi wao asome bango langu na kusita mlangoni. Tangu siku hiyo kila jina nililiuliza kwa watu wa lugha tofauti kabla sijalipenda.

Jina lenyewe lilikuja siku ambayo sikuwa nalitafuta. Nilikuwa nimempeleka binti yangu ukumbini nikakaze boliti. Kesho yake, tukiwa nyumbani, akaja na viatu mkononi: "Mama, twende bembeani."

Nilisimama. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu: nilikuwa natafuta jina la kuandika kwenye bango, wakati jina la mahali pa watoto kazi yake ni kukaa baada ya "twende". Ile -ni ya mwisho ilishalifanya kuwa mahali. Halina r wala l ya kubabaisha. Na mtu mzima akilisikia, kubembeleza hakuko mbali. Dada yangu alipinga, akasema siku nikiongeza vifaa vingine jina litanibana. Nilimsikiliza, lakini niliona bembea inasimama kwa niaba ya mchezo wote. LEGO nalo, jina la kampuni ya vitu vya kuchezea, lilitokana na maneno mawili tu ya Kidenmaki, leg godt, cheza vizuri, na halikuorodhesha vifaa vyake.

Kwenye usajili nilijifunza jambo ambalo ningependa kila anayeanza alijue mapema. Katika nchi nyingi, kusajili jina la biashara na kusajili alama ya biashara, yaani jina au nembo inayolindwa kisheria, ni mambo mawili, na la kwanza halikupi ulinzi wa la pili. Tena neno linaloeleza huduma tupu, kama "michezo ya watoto", ni gumu kulilinda, kwa kuwa kila mwenye biashara hiyo ana haki ya kulitumia. Bembea peke yake ingenisumbua. Nilipekua Bembeani kwenye daftari la majina, la alama, na kwenye mitandao ya kijamii, na sikulipandisha bangoni mpaka nilipopata majibu yote. Maelezo ya huduma tukayaweka chini yake kwa herufi ndogo.

Jumamosi ya kwanza mvulana mmoja aligoma kuvaa viatu wakati wa kuondoka. Alishika nguzo ya mlango akilia, "Bembeani tena!" Mama yake alikuwa ameinama, mkono mmoja unafunga kamba, mwingine unamwandikia mtu ujumbe kwenye simu. Nilichungulia. Alikuwa ameliandika sawasawa.