Nilivyoandika kanuni za darasa la Kiingereza kwa Kiswahili

Karatasi yangu ya kwanza ya kanuni za darasa ilikuwa na vipengele 16, vyote kwa Kiingereza, nimeichapa na kuitoa fotokopi kwa fedha yangu mwenyewe. Nilikuwa nimepangiwa Kidato cha Kwanza mkondo B, wanafunzi 72, katika shule ya kata, na nilitaka kila mmoja ajue tangu wiki ya kwanza ninachokitarajia: kuwahi, kuja na kaunta buku mbili, kuongea Kiingereza tu kipindi chote, kukusanya kazi siku ileile niliyosema, kutonakili kwa mwenzako. Chini niliacha nafasi ya sahihi ya mzazi.

Siku ya tatu akaja bibi mmoja ofisini, ile karatasi ameifunga kwenye pindo la kanga. Nilimwamkia, nikamsogezea kiti. Hakukaa.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuuliza, mjukuu wangu ana kesi gani?"

Alikuwa ameona maandishi asiyoweza kuyasoma, jina la mtoto, mhuri wa shule na mahali pa kutia sahihi, akajua ni hati ya kuitwa. Usiku kucha hakulala. Nilimshika mkono nikamketisha, nikamsomea kipengele kimoja kimoja kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye kazi za nyumbani akanikatiza: "Huyu akirudi anafuata maji kwanza. Akimaliza giza limeshaingia. Mngeniambia mapema, mwalimu, maji ningempa mdogo wake."

Alipoondoka nikazitoa karatasi zilizokwisha kurudi. Sahihi nyingi zilikuwa na mwandiko wa wanafunzi wenyewe. Nikaenda darasani, nikauliza kipengele cha 9 kinasema nini. Kimya. Watoto hawa walisoma miaka 7 kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu kati ya mengine. Wakiingia sekondari, karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mwanzoni wanapewa kozi fupi ya kuwaandaa, nayo inasaidia sana, lakini haimfikishi mtoto mahali pa kusoma masharti 16 na kuyakubali. Niliumia kwamba nilikuwa nimewadai sahihi kwa jambo wasilolielewa.

Nikaandika upya: ukurasa mmoja, kanuni 5, kwa Kiswahili. Nyuma ya karatasi nikaweka yaleyale kwa Kiingereza, ambayo tuliyasoma pamoja mwezi wa tatu walipokuwa na maneno ya kutosha. Mwenzangu mmoja wa idara, mtu aliyefundisha miaka mingi kuliko mimi, alinipinga. Kwake, mwalimu wa Kiingereza anayeandika kanuni zake kwa Kiswahili ameshasalimu amri. Ninamheshimu, lakini hapo sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubaliani.

Kanuni iliyonisumbua kuliko zote ni ya kuongea. Shuleni kulikuwa na kibao: akisikika mtu anaongea Kiswahili anavishwa shingoni, naye anamsaka mwenzake wa kumvisha. Nilichokiona darasani mwangu ni kwamba walioongea sana uwanjani walikuwa mabubu mbele yangu. Kukaa kimya ndiko kulikowaokoa na kibao. Nikaomba kisiingie kwenye vipindi vyangu, mkuu wa shule akaniruhusu kwa muhula mmoja wa majaribio. Badala yake tukaandika hivi: anza kwa Kiingereza, ukikwama, weka neno la Kiswahili, usisimame. Monita anaandika lile neno pembeni mwa ubao.

Wiki ya pili alisimama msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake. Akasema: "Yesterday I go to the river, nikateleza, the bucket ikapasuka." Hakuna aliyecheka, maana nusu ya darasa ilishawahi kupasua ndoo. Monita akaandika "kuteleza" na "kupasuka". Dakika 5 za mwisho tukayatafutia Kiingereza, na "went" tukaipitia hapohapo. Msamiati wa wiki ile nzima ulitoka kwenye ubao ule, na ndio walioukumbuka kuliko wowote niliouandaa nyumbani.

Kazi za kuchelewa zilikuwa zinapata sifuri. Nikagundua aliyepata sifuri mbili anaacha kabisa kuleta daftari, kwa hiyo sifuri yangu ilimwondoa mwanafunzi niliyetaka abaki. Sasa kazi inapokelewa mpaka Ijumaa mchana, anapungukiwa alama 2 kati ya 20. Jumanne na Alhamisi ninakaa nusu saa chini ya mwarobaini baada ya vipindi, na wenye majukumu mengi nyumbani wanaimaliza kazi pale kabla ya kuondoka. Mjukuu wa yule bibi hakosi.

Kudesa ndiko kulikonikatisha tamaa. Insha 11 zilinijia, zote zikisema mjomba wangu ana baiskeli nyekundu. Niliwahi kuchapa viboko kwa jambo kama hilo, na sikuona kama kulipungua. Nikaamua rasimu ya kwanza ya kila insha iandikwe darasani, mbele yangu, hata mistari 6 inatosha. Nyumbani anakwenda kuirefusha. Insha mbili zikifanana, wote wawili wanakaa na kuandika upya, aliyetoa na aliyepokea. Zinazofanana zipo bado, ila ni chache mno, na mstari wa mtoto mwenyewe ukiwa mbovu ninaufahamu na ninajua pa kuanzia kumfundisha.

Kanuni ya 5 niliiacha wazi, waijaze wao. Walijadiliana kwa makundi, monita akaja na jibu moja: "Madamu, daftari zetu zirudi ndani ya wiki moja." Awali nilikuwa nimekaa nazo siku 20. Nikaiandika kama walivyoisema, nikatia sahihi yangu mbele yao, wao wakafuata.

Daftari 72 kwa siku 5 ni kama 15 kwa siku. Ili niziweze, kila wiki ninasahihisha jambo moja tu, wiki hii ikiwa wakati uliopita. Jana usiku zilibaki 4 mezani. Nikaongeza mafuta kwenye taa, nikazimaliza.