Kisigino changu na mguu wa mjomba

Mimi napika mahamri na mbaazi hapa Langoni, Lamu, naamka saa kumi alfajiri na kazi yote naifanya nimesimama kwa sakafu ya simiti, miguu mitupu, manake jikoni kuna joto. Miaka yote sikuona shida. Basi mwaka jana baada ya Ramadhani ikaanza, nikitoka kitandani nikikanyaga chini, kisigino cha kulia chanichoma kama nimekanyaga msumari, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku nimeshika ukuta. Nikitembeatembea kinapoa, nasahau kabisa, mpaka nikae nichambue mbaazi nusu saa halafu nikiinuka, yale yale. Na ngazi za hizi nyumba zetu za kale mwazijua zilivyosimama, nikawa nashuka nimekaa, ngazi moja moja, beseni la unga nalitanguliza mbele.

Miezi mitatu nilikaa hivyo. Nikatia mguu kwenye maji moto ya chumvi, nikakandwa kwa mafuta ya simsim hadi nikalia, nikanunua vidonge vya maumivu dukani nikawa navimeza kila siku mpaka tumbo likaanza kuniwaka. Jirani naye akaniambia huo ni mwiba umeota kwenye mfupa, hospitali wataukata tu. Hapo ndipo nilipoogopa, na huo uoga ndio ulionichelewesha.

Mwisho binti yangu akanishika mkono, "Mama, leo twenda."

Yule kijana wa fiziotherapia kabla hajanigusa akaanza na maswali. Mama una sukari? Vidole vina ganzi? Ulianguka? Usiku ukilala kinauma? Kimevimba, una homa? Kote nikamwambia la. Akabonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino upande wa ndani, nikaruka. Akasema ni hapo hapo. Akanieleza kuna utando mgumu unatoka kisiginoni mpaka vidoleni, ndio unaoshika upinde wa unyayo, ukisimama sana kwa sakafu ngumu unachoka na kuumia, usiku unajikaza, asubuhi ukiukanyaga unavutwa ghafla. Na huo mwiba, watu wengi wanao na hauwaumi kitu. Hakunipiga hata eksirei, akasema eksirei ni kama mtu ameteguka kifundo akashindwa kupiga hata hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe anapiga kelele, huyo asingoje kesho.

Dawa yenyewe ilikuwa mazoezi. Kabla sijashuka kitandani napitisha leso chini ya vidole naivuta kuja kwangu, nahesabu mpaka 30, mara tatu. Mchana nasukuma ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, mpaka nihisi msuli wa nyuma unavutika. Jioni chupa ya maji iliyoganda naibingirisha chini ya unyayo dakika 10. Na nisikanyage simiti bila kiatu tena, nikatafuta raba za mtumba zenye soli nene laini, na kukaanga sasa nakaanga nimekaa kwenye kiti kirefu. Wiki sita maumivu yakapungua, kwisha kabisa ilichukua miezi mitano, na alishaniambia yaweza kufika mwaka nisikate tamaa.

Lakini lile swali la sukari ndilo lililonikaa rohoni, kwa sababu mjomba wangu ana sukari miaka mingi, na wiki ile ile nilikuwa nimemwona na lengelenge pale kamba ya kandambili inapopita, nikamuuliza akasema halimuumi, mimi nikajiambia kama haliumi si kitu. Nilipotoka hospitali nikaenda kwake moja kwa moja. Nikawasha tochi ya simu nikamuinua mguu, lengelenge lilikuwa limepasuka, na chini ya kidole gumba kuna kidonda kingine na ndani yake kipande cha kombe, cheupe, kimezama. Kilikuwa kinanuka. Hajui hata siku gani alikikanyaga.

"Mjomba, huhisi hapa?"

"Sihisi kitu mwanangu."

Nililia. Mimi kisigino kinapiga kelele miezi mitatu na hakikuwa na hatari, na yeye ananyamaziwa na mguu unaooza. Asubuhi tukawa hospitali, wakamsafisha, wakampima sukari ilikuwa juu sana, wakampa antibayotiki na kumfunga bandeji, akawa anarudi kubadilishwa wiki nyingi. Kidole alhamdulillahi kilibaki. Daktari akatueleza sukari inaua mishipa ya fahamu, mtu hahisi, na damu haifiki vizuri miguuni kwa hivyo kidonda hakiponi, basi kwa mwenye sukari kidonda chochote cha mguu ni siku hiyo hiyo, na asitie miguu kwenye maji moto, hatajua yakimuunguza.

Sasa kila siku baada ya Isha napita kwake. Ananyoosha miguu juu ya mkeka, mimi na tochi, nyayo, visigino, katikati ya vidole kimoja kimoja, na viatu navikung'uta. Jana nimekuta ukucha umemchuna kidogo tu pembeni, na leo saa mbili tulikuwa kwenye foleni.