Korosho za mama mkwe na chokoleti ya Maskati, nilivyozipima mwenyewe

Mwezi wa kumi na moja mwaka juzi nilipima sukari asubuhi kabla sijala chochote ikaja 6.4. Nesi akaniambia, mama, bado hujawa mgonjwa wa kisukari maana huko ni kuanzia 7, ila njia umeshaishika, inatakiwa isifike hata 6.1, punguza vitu vya sukari, punguza mwili, tembea, urudi baada ya miezi mitatu. Nilitoka pale miguu haina nguvu kabisa. Mama yangu mzazi alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, mimi ndo nilikuwa namsafisha kile kidonda, kwahiyo hili jambo nililichukulia kwa uzito wote.

Mimi ni wakala wa pesa za simu huku Mbagala, nakaa kibandani toka saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku, na kule kukaa kunaleta njaa fulani hivi, sio njaa ya ugali, ni ile ikifika saa kumi jioni mdomo tu unataka kitu. Nilikuwa naimaliza na soda baridi na biskuti, au kashata mbili tatu kwa muuza kahawa akipita, na kashata nilikuwa nazihesabu ni karanga manake zina karanga, kumbe ni sukari iliyoshikiliwa na karanga. Miaka sita kila siku.

Sasa Desemba ile ile vikaingia vitu viwili nyumbani kwa wiki moja. Mama mkwe yuko Masasi, msimu wa korosho kila mwaka anatutumia kwa basi, zimeshabanguliwa kabisa, safari hii kilo tatu. Na mdogo wangu wa kiume anayefanya kazi Maskati akaja likizo na baa sita za chokoleti nyeusi, akasema dada hii sio kama ile chokoleti ya watoto, hii ni nzuri kwa moyo na haina sukari, kula bila wasiwasi. Mama mkwe nae kwenye simu anasema mwanangu korosho hazina sukari, kula. Basi nikala vyote! Januari napanda mzani nimeongezeka kilo mbili na nusu, na usiku silali vizuri.

Hapo ndo nikaamua nijue mwenyewe. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni, ile ya betri, nikarudi pia hospitali kwa afisa lishe, dada mmoja mpole sana, akanionyesha jedwali lake la vyakula nikaandika kwenye daftari la miamala nyuma kabisa. Nikapima gramu 30 za kila kitu manake ndo kiasi alichoniambia mtu mzima anaweza kula kwa siku bila kujiharibia. Korosho gramu 30 nilihesabu zilikuwa 19. Kumi na tisa tu, na mimi nilikuwa nachota kwa kikombe. Karanga gramu 30 ni kama konzi moja ya mkono wangu. Chokoleti ni vipande vitatu vya ile baa ya gramu 100 yenye vipande kumi.

Jambo la kwanza lililonishtua ni kwamba kwenye kalori havipishani sana. Karanga gramu 30 ni kama kalori 170, korosho 165 hivi, chokoleti nyeusi ya kakao asilimia 70 na kuendelea inafika 180. Kwahiyo hakuna hata kimoja cha kula "bila wasiwasi", vyote ni vyakula vya mafuta mengi, ile kilo mbili na nusu haikutoka hewani.

Tofauti iko ndani. Protini karanga zinaongoza, kwenye hizo gramu 30 unapata karibu gramu 8, korosho gramu 5 na kidogo, chokoleti gramu 2 tu. Sukari ndo kinyume chake, karanga hazifiki hata gramu 2, korosho nazo hazifiki 2, chokoleti gramu 7 mpaka 9 kutegemea kakao ni asilimia ngapi, na hiyo 9 ni kama vijiko viwili vya chai vya sukari. Mdogo wangu hakunidanganya kwa makusudi, ila kusema haina sukari sio kweli, lebo ya baa aliyoleta imeandikwa gramu 29 za sukari kwa gramu 100. Halafu yale mafuta yanayoganda, ambayo afisa lishe aliniambia niyaangalie kwa ajili ya moyo, chokoleti ina gramu 7 hivi kwenye vile vipande vitatu, korosho na karanga zinacheza kwenye 2. Mafuta mengi ya karanga na korosho ni ya aina nyingine, yale yasiyoganda.

Ila chokoleti nayo ina ya kwake, sitaki kuionea. Madini ya chuma imezipita zote mbili, karibu miligramu 3.5 kwenye gramu 30, wakati korosho zina 2 na karanga moja na nusu hivi, japo afisa lishe alisema chuma cha vyakula kama hivi vyote mwili hauchukui chote kirahisi, ukila na chungwa inasaidia, ukishushia na chai inazuia. Nyuzinyuzi chokoleti ina gramu 3 na kitu, zaidi ya korosho ambazo hata gramu 1 ni kwa tabu, hilo sikulitegemea kabisa. Magnesiamu korosho ndo mama, chokoleti inafuata, karanga ya mwisho. Na kakao ina vitu vinavyosaidia mishipa ya damu kulegea, ndo maana wanaisifia kwa moyo, lakini kadri kiwanda kinavyoisafisha ili ukali upungue ndo vinavyopotea.

Usiku kukosa usingizi nako nilipata jibu lake, chokoleti nyeusi ina kafeini na ndugu yake mwingine anaitwa theobromini, na mimi nilikuwa nakula nusu baa saa tatu usiku nikiangalia tamthilia. Nilipohamishia jioni mapema usingizi ukarudi wiki hiyo hiyo.

Baa za Maskati zilipoisha nikaenda supamaketi moja mjini kutafuta nyingine, nikachukua iliyoandikwa nyeusi kubwa kubwa mbele, karatasi nyeusi na dhahabu, bei ambayo ningenunua karanga za wiki mbili na chenji ikabaki. Nyumbani nasoma nyuma, kitu cha kwanza kilichoandikwa kwenye viambato ni sukari, na viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi, yani ile ilikuwa ni sukari kwanza kakao baadae, gramu 47 kwa 100. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo nageuza nyuma kwanza, cha kwanza kiwe kakao na asilimia iandikwe, chini ya 70 sichukui. Na inanisikitisha kuwa kakao inalimwa hapa hapa kwetu Kyela, inasafirishwa ikiwa mbegu, halafu sisi tunakuja kuinunua kwa bei ile ikitoka ng'ambo.

Karanga nazo zina mtego wake, tena huu ndo naomba mtu asiupuuze. Niliwahi kununua sokoni kilo mbili za bei rahisi, kuzimwaga kwenye ungo naona nyingine zimesinyaa, nyingine zina weusi na ukungu wa kijani kwenye mpasuko, ukitafuna ni chungu. Hiyo ndo dalili ya sumukuvu, sumu ya ukungu inayokula ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Nilizimwaga zote, hata kuku sikuwapa. Sasa nanunua za maganda, nabangua mwenyewe taratibu kibandani wateja wakiwa wachache, mbovu naiona kwa macho yangu, na nahifadhi kwenye kopo kavu, sio mfuko wa nailoni unaotoa jasho.

Mpango niliokuja kuushika ni huu. Saa kumi jioni ni karanga konzi moja, za kukaanga bila mafuta wala chumvi, na maji, zinanishika mpaka chakula cha usiku, nimejaribu sana kushika njaa kwa chokoleti peke yake haikai, baada ya nusu saa naangalia tena friji ya soda ya jirani. Korosho ni mara mbili kwa wiki badala ya karanga, sio juu ya karanga, hapo ndo nilipokuwa nakosea mwanzo, nilikuwa najumlisha wakati inatakiwa kubadilisha. Chokoleti ni kipande kimoja, gramu 10, baada ya karanga, ile hamu ya utamu inakufa pale pale, na siku nyingine siikumbuki kabisa. Mtu akiniuliza kama hela yake inatosha kitu kimoja tu achukue kipi, namwambia karanga nzima nzima bila kuwaza mara mbili, chokoleti nyeusi ni nzuri ila ni ya kuongezea, haiwezi kubeba nafasi ya chakula.

Soda niliacha kabisa na kashata pia, na jioni nikifunga natembea mpaka nyumbani badala ya kupanda bajaji, kama dakika 35, kwahiyo siwezi kusema ni karanga peke yake zilizofanya kazi. Februari nilirudi sukari ikawa 6.0, mwezi wa sita ikawa 5.6 na mwili umepungua kilo tano. Nesi aliangalia kile kikaratasi akasema mama hongera, nikashindwa kujizuia nikalia mbele yake, nilikuwa namuona mama yangu na ule mguu.

Korosho za msimu huu zimeshafika, kilo tatu tena. Safari hii nimekaa na binti yangu wa darasa la sita tukazigawa kwenye vifuko vidogo, 19 kila kifuko, yeye anahesabu kwa sauti mimi nafunga, na mama mkwe nimemtumia kilo ya karanga na baa moja ya chokoleti, nikamwambia mama, kipande kimoja kwa siku, na usile usiku.