Vijiti vya Shangazi kwenye Mpaka wa Sakitu

Mwaka wa kwanza tulipohamia nyumba yenye bustani, niliotesha mbegu za nyanya mapema mno, na kosa hilo la mwanzo ndilo lililozaa mengine yote. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi, theluji ikiwa bado haijaisha kwenye vivuli, nami nilikuwa na trei mbili kwenye ukingo wa dirisha pamoja na hamu ya mtu aliyesubiri kipande chake cha ardhi kwa miaka mingi. Kijitabu nilichokuwa nacho kilieleza kwamba nyanya huoteshwa ndani ya nyumba wiki 6 hadi 8 kabla ya tarehe ya wastani ya sakitu ya mwisho, yaani ile baridi ya alfajiri inayogandisha umande juu ya majani na kuyaacha meupe kama yaliyonyunyiziwa chumvi. Kwa eneo letu tarehe hiyo iliandikwa kuwa 28 Aprili. Nilihesabu wiki 8 kurudi nyuma, nikapanda siku hiyohiyo.

Kufikia katikati ya Aprili nilikuwa na miche 24, mirefu kuliko ilivyostahili na myembamba kama uzi, kwa sababu mwanga wa dirishani ni hafifu na hutoka upande mmoja tu, na mche unaoutafuta mwanga hujinyoosha badala ya kunenepa. Niliigeuza kila asubuhi ili isiinamie kioo. Haikusaidia sana. Mizizi ilianza kuchungulia kwenye matundu ya chini ya vikombe, na kila nilipopita pale dirishani nilihisi kama mwenye nyumba aliyewafungia wageni chumba kidogo.

Huko nje mambo yalikwenda vizuri bila msaada wangu. Njegere, ambazo huweza kuota hata udongo ukiwa na nyuzi 5 tu, zilikuwa zimefika urefu wa kidole. Spinachi na figili zilishatoka. Na viazi vilianza kupasua udongo kwa majani yao ya kijani iliyokolea. Hizi ni mboga zinazovumilia baridi, isipokuwa viazi, ambavyo huipenda hewa ya ubaridi lakini majani yake hayastahimili kuganda. Nilizipanda mwishoni mwa Machi na kuzisahau, kwa kuwa moyo wangu wote ulikuwa dirishani.

Shangazi yangu alikuja kukaa nasi majira hayo ya kuchipua. Alikuwa amelima mboga kwa zaidi ya miaka 40, na hakuwa mtu wa kutoa ushauri usioombwa. Kila siku aliamka kabla yetu sote, akatoka na kikombe chake cha chai, akaizunguka bustani polepole kana kwamba anakagua nyumba anayotaka kuipanga. Asubuhi ya 30 Aprili, baada ya siku kumi mfululizo za jua zuri, nilimkuta amechutama karibu na tuta la chini, vidole vyake vimezama udongoni hadi kwenye fundo.

“Shikamoo, shangazi. Leo nyanya zinatoka nje.”

“Marahaba, mwanangu.” Alivitoa vidole, akavifuta kwa nyasi. “Huku juu kuna joto. Huku chini bado kumelala.”

Nilimweleza kuhusu tarehe. Nilimwambia kwamba 28 Aprili imeshapita, kwamba watu walioandika kijitabu wamekusanya vipimo vya miaka mingi, na kwamba miche inateseka vikombeni. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza swali moja tu: kama miche ilikwisha kulala nje. Nilikiri kwamba niliitoa mchana kwa siku mbili, saa chache kila siku. Sikuwa na haja ya kuulizwa zaidi, maana kijitabu hichohicho nilichokitegemea kilisema mche uliolelewa ndani huzoeshwa upepo, jua na baridi ya nje kwa siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikizwa. Kurasa zilizonipendeza nilikuwa nimezisoma vizuri. Nyingine nilizipitia harakaharaka.

Hapa ni lazima nieleze bustani yenyewe ilivyokaa, kwa sababu kilichotokea baadaye hakieleweki bila hilo. Ardhi yetu huanza kwenye ukuta wa nyumba, ambao ni wa matofali na unatazama upande wa jua, kisha huteremka taratibu kwa hatua kama 25 hadi kwenye uzio wa mbao zilizobanana bila upenyo. Udongo mzuri uko chini: miaka na miaka ya mvua imeuteremsha na kuulaza pale, mweusi, tifutifu, wenye kina ambacho jembe haliwezi kukifikia kwa pigo moja. Karibu na ukuta udongo ni mwembamba na umejaa vipande vya matofali. Mtu yeyote mwenye akili, nilijiambia, huweka nyanya zake chini. Nilipandikiza 18 kwenye tuta la chini, nikizizamisha shina hadi karibu na majani ya kwanza ili zitoe mizizi ya ziada, na 6 zilizobaki nikazibana kando ya ukuta kwa sababu tu nafasi iliisha.

Siku nne zilipita vizuri. Tarehe 4 Mei mvua ndogo ilinyesha asubuhi, mawingu yakatawanyika alasiri, na kufikia magharibi mbingu ilikuwa safi kabisa, hakuna jani lililotikisika. Mimi niliuona kuwa ni usiku mzuri. Shangazi alisimama mlangoni akitazama nyota zilivyoanza kujitokeza mojamoja, akasema, “Usiku huu umejivua shuka.”

Nilielewa maana yake baadaye. Mchana ardhi hupokea joto la jua, na usiku huliachia kuelekea angani. Mawingu yakiwepo, hurudisha sehemu ya joto hilo chini, na upepo ukiwepo, huchanganya hewa ya chini iliyopoa na ile ya juu yenye joto zaidi. Usiku usio na mawingu wala upepo hauna kinga yoyote kati ya hizo mbili. Kwa hiyo siku nzuri inayofuatwa na usiku mtulivu, ambayo mtu wa kawaida angeipokea kwa shukrani, ndiyo inayotisha zaidi katika majira ya kuchipua.

Saa tatu usiku kipimajoto kilichotundikwa mlangoni kilionyesha nyuzi 4. Nikatulia, nikidhani kati ya 4 na sifuri kuna safari ndefu. Saa tano kilionyesha 2, na shangazi, ambaye nilidhani amelala, alitoka chumbani akiwa amevaa koti juu ya nguo za kulalia. “Hicho umekitundika usawa wa macho,” alisema. “Nyanya zako zina macho mafupi.” Kweli, hewa inayogusa ardhi katika usiku kama ule huwa baridi kuliko ile iliyo usawa wa kifua, na tofauti ya nyuzi mbili au tatu si jambo la ajabu.

Tulichokifanya kwa muda wa nusu saa iliyofuata hakikuwa na mpangilio wowote. Nilibeba ndoo 3 kutoka bafuni na kuzifunika juu ya miche 3 ya kwanza, midomo yake ikikaa vizuri udongoni. Kisha ndoo ziliisha. Shangazi alichukua magazeti, akayakunja kama kofia na kuiviringishia ile miche 6 ya ukutani, kila moja na jiwe lake. Mimi nilitwaa shuka mbili za wageni, mpya, nyeupe, nikazitandika juu ya miche 7 ya chini bila kijiti cha kuziinua, zikailalia na kuivunja kadhaa. Miche 8 iliyobaki niliifunika kwa nailoni kubwa ya kufungia magodoro, iliyokuwa imebaki tangu tulipohama. Nailoni ilionekana imara kuliko vyote. Hakuna aliyeniambia kwamba inapogusa jani huwa haiwezi kulikinga, kwa kuwa baridi hupenya moja kwa moja hadi kwenye jani. Na kama kulikuwa na mtu wa kunijulisha, alikuwa upande wa pili wa bustani akitafuta mawe gizani.

Shangazi aliniamsha kabla jua halijachomoza. Hakusema kitu kuhusu nyanya. Alikuwa na fungu la vijiti vya kuwashia moto, akaniambia nivae viatu upesi kabla jua halijafuta.

Nilichokiona kutoka mlangoni sijapata kukisahau. Nyasi za nusu ya juu ya bustani zilikuwa za kijani, zenye umande wa kawaida. Nusu ya chini ilikuwa nyeupe. Na kati ya hizo mbili palikuwa na mpaka, si wa kukisia bali wa kuoneka kabisa, uliopita kwa kujipinda kidogo kutoka kwenye kona ya kibanda cha zana hadi kwenye mti wa tufaha, kana kwamba mtu alijaza maziwa ndani ya bustani usiku kucha na yakakoma kupanda pale. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hasa. Hewa baridi ni nzito kuliko ya joto, hivyo huteremka mlima kama maji, hata mlima wenyewe ukiwa mdogo wa kutoonekana. Na uzio wetu wa mbao zilizobanana uliizuia chini kama ukuta wa bwawa. Shimo lile la udongo mzuri, ambalo mvua ililijaza rutuba kwa miaka mingi, lilijazwa baridi kwa njia ileile.

Shangazi alikuwa ameshaanza kuchomeka vijiti. Alitembea juu ya mpaka ule, kijiti kimoja kila baada ya hatua mbili, bila haraka, huku jua likianza kugusa paa. Nilimsaidia kutoka upande wa mti wa tufaha. Tulipokutana katikati weupe ulikuwa umeanza kuyeyuka, na dakika chache baadaye usingeweza kujua kwamba kulikuwa na kitu chochote, isipokuwa kwa ile safu ya vijiti.

Ndipo tukaenda kufunua. Chini ya nailoni miche yote 8 ilikuwa imekufa: majani yamelegea, yamekuwa na rangi nzito ya maji, kama mboga iliyotolewa chunguni. Barafu huundwa ndani ya jani na kuharibu seli zake, yaani vyumba vidogovidogo vinavyolijenga, na jua linapoiyeyusha hakuna kilichobaki cha kulishikilia jani. Chini ya shuka hali ilikuwa mbaya karibu sawa, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimelowa na kulalia majani. Kati ya miche 7, miwili tu ilikuwa na shina la kijani. Ile 3 ya ndooni ilikuwa mizima. Ndoo ilikuwa imelinda joto dogo la udongo uliolowa mvua asubuhi ya siku iliyotangulia, na haikugusa jani hata moja. Ukutani, miche yote 6 yenye kofia za magazeti ilisimama kama ilivyokuwa jana, na nilipoweka kiganja kwenye matofali niliyahisi kuwa na uvuguvugu wa mbali.

Njegere, zilizokuwa katikati ya weupe bila kufunikwa na kitu, ziliinama asubuhi na kufikia saa nne zilikuwa zimesimama tena. Majani ya viazi yaligeuka meusi, lakini shangazi alinikataza kuvigusa, na baada ya kama wiki mbili vilitoa majani mapya kutoka chini ya udongo.

Nilitaka kuing'oa miche iliyokufa siku hiyohiyo. Nadhani nilitaka isinitazame. Alinizuia hapo pia. Tuliikata ile miwili yenye shina la kijani juu kidogo ya mahali penye uhai, na yote miwili ikachipua pembeni. Mingine tuliitupa kwenye mboji. Niliotesha mbegu nyingine wiki hiyo, kwa kejeli ya mtu aliyeshindwa, na miche yake, iliyopandikizwa mwezi wa Juni katika udongo wenye joto, ilikaribia kuifikia ile ya kwanza kufikia katikati ya majira ya joto. Wiki zangu 8 za dirishani, kugeuza vikombe kila asubuhi, kuhesabu tarehe, ziliniongezea siku chache tu za mavuno.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba shangazi hakuulaumu wastani wangu. Alisema tarehe haina kosa, ila imeandikwa kwa ajili ya eneo zima, nayo bustani yetu ina maeneo mawili. Isitoshe, wastani maana yake ni kwamba miaka mingine sakitu huja baada yake. Mimi ndiye niliyeusoma kama ahadi. Kabla hajaondoka tuling'oa mbao 2 za chini kwenye uzio ili hewa baridi ipate pa kutokea. Tuta la chini tukaliachia kabichi, njegere na spinachi, ambazo huupenda udongo wenye rutuba na unyevu na hazijali alfajiri moja nyeupe. Nyanya zilihamia ukutani, na mwezi mzima wa Septemba nilibeba udongo mweusi kwa toroli kutoka chini kwenda juu, kuupandisha tena mlima ambao mvua iliuteremsha.

Vijiti vilikaa pale miaka kadhaa. Kila vilivyooza nilivibadilisha, kimoja kimoja, bila kupima upya. Zile shuka mbili za wageni nilizifua mara nyingi, lakini utomvu wa majani ya nyanya uliosagika ndani ya kitambaa uliacha madoa ya rangi ya manjano na kijani ambayo hayakutoka kwa sabuni yoyote. Niliona aibu kumtandikia mgeni. Shangazi alipokuja tena alizikuta chini kabisa ya kabati, akazitoa, akatandika kitanda chake mwenyewe, na tangu hapo hataki nyingine.