Bilauri Nne za Mvinyo, Kuanzia Dodoma

Nilianza na mvinyo mwekundu wa zabibu za Makutupora kutoka Dodoma, nyanda kavu ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ukakasi wake huushika ulimi kama bibo, kisha huuachia polepole ukibakiza ladha ya zambarau zilizoiva, na mbuzi wa kuchoma ndiye mwenzake wa haki. Pinotage ya Stellenbosch, Afrika Kusini, ni mtoto wa ndoa iliyofungishwa mwaka 1925, mtaalamu wa mizabibu Abraham Perold alipopandanisha mizabibu ya aina mbili, Pinot Noir na Cinsaut, na mtoto huyo amekuja na harufu ya moshi kana kwamba amelelewa jikoni. Malbec ya Mendoza, Argentina, ni nyeusi kama wino na laini, lakini haikunishangaza.

Aliyenikalisha kitako ni Riesling, mvinyo mweupe wa Mosel, Ujerumani. Mizabibu yake hung'ang'ania miteremko mikali ya mawe ya sleti yanayotunza joto la jua, na ndani ya bilauri nilikuta ndimu, tofaa la kijani na harufu ya jiwe lililonyeshewa, huku uchachu na utamu vikikimbizana kama watoto uani, pasipo kushindana. Hiyo niliomba niongezewe.