Safari ya Kuifuata Kombi ya Spea

Kombi yangu ni Volkswagen ya modeli ya 1972, mwaka uliokaa katikati ya matoleo mawili. Nyuma ina taa ndefu za toleo lililofuata, lakini mbele indiketa bado ziko chini, karibu na bampa, kama zilivyokuwa tangu umbo hilo lilipotoka 1967. Modeli ya 1973 ikazipandisha juu, pembeni ya matundu ya hewa. Kwa hiyo uso wa Kombi yangu ukikunjika, uso wa 1973 haukubali. Niliposikia kuna nyingine ya mwaka uleule imelala uani kwa mzee mmoja, mbali na kwangu, nilimpigia kaka usiku huohuo aandae tela.

Tuliondoka alfajiri. Safari ya kwenda ilikuwa ya kawaida: tela tupu linarukaruka nyuma, mvua kidogo mlimani, kisha jua.

Mzee alitusubiri getini. "Kijana," akaniambia kabla hata sijamaliza kumwamkia, "watu wa vyuma chakavu walishakuja mara nyingi. Nimewakatalia. Wao wakifika wanakata tu." Nilimwahidi kwamba mimi nafungua boliti, sikati ovyo. Akatikisa kichwa kukubali, akatupeleka nyuma ya nyumba.

Majani yalikuwa yamefika usawa wa madirisha. Nilianzia kwenye chumba cha injini, nikapangusa namba ya chesisi kwa kitambaa. Tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja mwaka wa modeli, na hapo palisomeka 2. Moyo ulitulia. Injini yenyewe ilikuwa imeganda, haizunguki, na hilo halikunisumbua hata kidogo. Injini ya cc 1600 ni ndugu ya ile ya Beetle, Volkswagen ndogo ya mviringo, na Beetle iliundwa Mexico mpaka 2003, hivyo pistoni, gasketi na kabureta bado zinapatikana. Vitu vinavyomtesa mwenye Kombi ni vile vidogo: bawaba za milango, reli ya mlango wa kuteleza, vitasa, fremu za vioo, vyuma vya kuunganisha gia kutoka mbele mpaka nyuma. Nilivigusa kimoja kimoja. Chini kutu ilikuwa imekula sana, hasa pale pa kuwekea jeki, lakini uso ulikuwa mzima na reli ilikuwa imenyooka. Bei tulikubaliana haraka. Namba za kwenye kadi zilifanana na za kwenye gari, akaniandikia hati ya mauziano, tukatia sahihi.

Kuitoa pale ndiko kulikokula mchana. Breki za nyuma zilikuwa zimeshika. Tulilegeza nyaya za handibreki, tukarudisha nyuma zile nyota za kurekebishia breki kwa bisibisi kupitia tundu dogo, kisha kaka akawa anagonga dramu kwa nyundo, taratibu, akiizunguka. Upande wa kulia uliachia kwa mlio mkubwa. Wa kushoto ulitaka kugongwa, kuachwa, kugongwa tena. Huku nyuma nilikuwa namimina petroli iliyobaki tangini na kuondoa betri. Mipira ya petroli ya gari lililolala miaka mingi hupasuka kama biskuti, na bloku ya injini hizi ni aloi ya magnesiamu. Ikishika moto, maji hayaizimi, yanauchochea. Sisafiri na petroli kuukuu mgongoni.

Halafu likaja suala la kuipandisha. Wengi huipandisha gari pua mbele bila kufikiri. Kombi ina injini na gia boksi nyuma kabisa, na isipokuwa na mtu wala mzigo, nyuma ndiko kwenye uzito. Ukiiweka pua mbele, uzito huo unakaa mkiani mwa tela, na tela lenye mkia mzito huanza kuyumba mara tu mwendo unapozidi. Kwa hiyo tuliivuta kwa winchi ya mkono ikitangulia mkia, injini ikae upande wa gari letu.

Kugeuzwa huko kunadai tahadhari nyingine, na hapa kaka alinipa heshima ya kunisikiliza. Bawaba za milango ya mbele ziko upande wa pua. Gari likisafiri kinyumenyume, upepo unaingia kwenye ukingo wa mlango na kuufungua kwa nguvu. Tulipitisha kamba ndani kutoka mlango hadi mlango, tukaikaza. Mlango wa kuteleza nao hufunguka kuelekea nyuma, na nyuma ndiko tulikokuwa tunaelekea: tukifunga breki ungejifungua wenyewe. Huo tuliufunga kwa waya. Mikanda ya mizigo tuliipitisha kwenye ekseli na magurudumu. Bodi iliyooza haishiki mkanda, inachanika.

Mzee alisimama akatuangalia mpaka tukatoka getini.

Tulisimama baada ya kilomita chache tu, na mikanda yote ilikuwa imelegea. Huwa hivyo: mzigo unajikalisha, springi zinashuka. Tukakaza upya. Tangu hapo, kila tuliposimama niliweka kiganja karibu na vikombe vya magurudumu ya tela. Beringi inayokufa hujitangaza kwa joto kabla ya kelele. Kwenye mteremko mrefu lori lilitupita kwa kasi, upepo wake ukalisukuma tela, nikaliona kwenye kioo likianza kucheza. Kaka hakukanyaga breki, hakupinda usukani. Aliachia mafuta tu, akashika stelingi imenyooka, na likatulia. Sikusema neno mpaka tulipofika bondeni.

Tulifika usiku, tukaiacha juu ya tela. Kulipokucha nilianza na mlango wa kuteleza, kwa mafuta ya kulegeza kutu na subira. Skrubu za reli zilitoka bila hata moja kukatika. Nikampigia mzee kumweleza. Akauliza kama gia boksi nayo itapata pa kukaa. Nikamwambia yupo mwenzangu mwenye Kombi ambaye gia yake ya tatu inaruka, na atakuja kuichukua mwisho wa wiki.