Filta ya hewa ya kuosha: ukiinunua, umejiajiri

Filta ya karatasi hutoka kiwandani ikiwa imeshamaliza shule. Unaitoa kwenye boksi lake, unaipachika, muda wake ukifika unaitupa. Ile nyekundu ya kuosha na kupaka oili, inayouzwa kwa maneno ya "nunua mara moja tu", inakuja na kazi ya nyumbani. Pamba peke yake haizuii vumbi vya kutosha. Inaitegemea oili, na oili hiyo kila baada ya kuosha utaipaka wewe. Wengi wanaoijutia hawakuuziwa kitu kibovu. Waliiosha vibaya, au waliimwagia oili kana kwamba wanakaanga maandazi.

Jina linalojulikana zaidi hapa ni K&N ya California, kampuni ya kutengeneza filta. Ndani ya filta ya namna hii kuna matabaka ya kitambaa cha pamba chepesi kama cha bandeji, yamebanwa kati ya nyavu mbili za alumini, yakakunjwa mikunjo na kuzungushiwa ukingo wa mpira. Ishike juani utaona mwanga ukipenya kati ya nyuzi. Karatasi itakuonyesha mng'ao tu. Ndiyo maana hewa inapita kwa urahisi, na ndiyo maana pamba kavu haina faida: chembe ya vumbi inakwenda na hewa mpaka igonge uzi, na kinachoinasa pale ni unato wa oili.

Sasa hesabu. Filta hupimwa kwa utaratibu wa ISO 5011: vumbi la aina maalumu linapulizwa ndani yake, kisha kilichopenya kinapimwa uzito. Karatasi nzuri huzuia zaidi ya asilimia 99 ya vumbi hilo. Ya pamba na oili huwa kati ya 96 na 99 hivi. Ukitazama kilichozuiwa, tofauti ni ndogo. Tazama kilichopita. Katika gramu 100 za vumbi, filta ya asilimia 99.5 inapitisha nusu gramu; ya asilimia 97.5 inapitisha gramu 2.5. Hiyo ni mara tano. Na wapitaji wabaya zaidi si zile chembe unazofuta kwenye dashibodi, ni zile za mikroni 5 hadi 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ambazo zinatosha kuingia kwenye utando wa oili kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda na kukwangua pande zote mbili. Kwenye dizeli yenye turbo, zinaanza na mapanga ya turbo kabla hazijafika kwenye pistoni.

Kwa gari linaloishi kwenye lami, mara tano ya kidogo bado ni kidogo. Kwa gari linalotembea kila siku kwenye barabara ya vumbi, nyuma ya lori, mara tano hiyo ndiyo moshi wa bluu na ovahoo, yaani injini kufunguliwa na kukarabatiwa nzima, iliyokuja kabla ya wakati wake.

Nguvu inaongezeka? Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika haiwezi kuvuta zaidi ya lita 4,500 hivi za hewa kwa dakika hiyo, kwa sababu kila silinda inavuta mara moja katika mizunguko miwili. Filta ya kiwandani imekadiriwa kwa kazi hiyo. Na ukiwa unaenda mwendo wa kawaida, kinachoibana injini si filta, ni throto, lile bapa linalofunguka kadiri unavyokanyaga mafuta. Anayetaka uhakika asihangaike na masikio (filta iliyo wazi hupiga kelele zaidi, na watu huhesabu kelele kama nguvu). Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita mbili, uukunje kama herufi U, utie maji kidogo chini. Upande mmoja uuunganishe na bomba la hewa baada ya filta, kabla ya throto. Mwingine uache wazi. Kamwe usiunganishe baada ya throto, injini itakunywa maji yote. Upande wa injini acha zaidi ya nusu mita juu ya maji. Mtu mwingine asome, dereva aangalie barabara. Kila sentimita 10 za tofauti ya maji ni mgandamizo wa karibu kilopaskali 1, na hewa ya pwani ina mgandamizo wa takriban kilopaskali 101. Kwa hiyo ukisoma sentimita 10 mguu ukiwa umezama kabisa, hata ukitembea bila filta yoyote hutapata zaidi ya asilimia moja hivi.

Kuokoa mafuta ndiyo kabisa usitegemee. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilitoa ripoti mwaka 2009 kuhusu magari ya petroli ya sindano, yaani yanayopulizia petroli kwa amri ya kompyuta: filta iliyoziba ilipunguza uchapukaji wa gari, lakini haikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Kompyuta inapunguza petroli kulingana na hewa. Magari ya zamani ya kabureta, yasiyo na kompyuta hiyo, ni habari nyingine.

Sasa kuosha, maana hapa ndipo filta hizi zinapofia. Kwanza usiwe na haraka. Filta iliyotoka kuoshwa ndiyo inayopitisha vumbi zaidi. Tabaka la kwanza la uchafu linasaidia kunasa. Ikague kila kilomita 5,000 ukiwa unatembea kwenye vumbi. Kama nyaya za wavu upande mchafu bado zinaonekana karibu kila mahali, irudishe. Zikishazama kwenye vumbi, osha.

Igonge taratibu kudondosha vumbi legevu, ipulizie sabuni yake pande zote, subiri dakika 10 bila kuiacha ikauke. Suuza kwa maji baridi ya presha ndogo, kutoka upande safi kuelekea upande mchafu, ili uchafu urudi ulikotoka badala ya kuzama zaidi. Rudia mpaka maji yatoke meupe. Tikisa, kisha ianike kivulini. Kompresa ya gereji hapana, inapanua nafasi za pamba. Jua kali na mashine ya kukaushia nywele hapana, pamba inasinyaa na kuachia ukingo. Petroli nayo inakula ule mpira.

Ikikauka kabisa, pitisha mstari mmoja mwembamba wa oili yake juu ya kila mkunjo, mara moja tu. Subiri dakika 20 oili isambae. Geuza uangalie upande wa pili: palipobaki peupe ongeza tone. Kuna mbinu nzuri hapa. Filta ikiwa mpya, kabla hujaifunga garini, ipime kwenye mizani ya jikoni na uandike gramu zake kwenye mfuniko wa boksi la filta, lile la garini. Kila ukimaliza kupaka, uzito urudi hapo hapo. Ukizidi, umemwaga oili. Ilaze usiku kucha juu ya karatasi safi. Asubuhi ukikuta dimbwi, ifute na usubiri tena. Oili ya injini na mafuta ya kupikia havifai, vinachuruzika hadi chini na kuacha juu pakavu.

Oili ikizidi, anayeumia ni sensa ya hewa, ile inayoiambia kompyuta hewa kiasi gani inaingia. Kwenye Toyota nyingi za injini ya 1NZ-FE, kama Probox na Vitz, imekaa kwenye mfuniko wa boksi la filta, hewa ikishapita tu filta yenyewe, imeshikwa kwa skrubu mbili. Ndani ina waya mwembamba unaopashwa moto. Tone la oili likirukia pale linaungua, linashika vumbi laini, na waya unaanza kuripoti hewa pungufu. Kompyuta inapunguza petroli, injini inakosa nguvu ukikanyaga ghafla, taa ya injini inawaka na mashine ya kupimia inasoma kodi P0171 (petroli pungufu kwa hewa) au P0101 (sensa ya hewa). Fundi mwenye haraka atakuuzia pampu ya petroli. Kabla ya hapo zima gari, chomoa sensa, ipulizie dawa yake maalumu mara 10 hadi 15 bila kugusa waya kwa chochote, iache ikauke ndipo urudishe. Dawa ya kusafishia kabureta usiitumie, huacha mabaki na hula plastiki.

Land Cruiser ya injini ya 1HZ, dizeli ya zamani, haina sensa hiyo, kwa hiyo haina ugonjwa huo. Ila ndiyo gari linalokula vumbi kuliko yote, na kwake ningependekeza karatasi nzuri, boksi lisilovuja na kikombe cha kutenganisha vumbi kinachomwagwa kila jioni.

Ya kuosha inamfaa mwenye lami, anayekaa na gari miaka mingi, na asiyechoka kusubiri oili isambae. Na kama pale unapoishi soko limejaa filta feki za karatasi, zenye mikunjo michache na ukingo usiokaa sawa, ya pamba halisi iliyotunzwa inazishinda.

Baada ya kufunga, paka grisi kidogo kwenye ukingo, bana klipu zote, tembea kilomita 500, kisha ingiza kitambaa cheupe kwenye bomba baada ya filta. Wekundu wa oili maana yake umezidisha. Wekundu wa udongo maana yake kuna mahali panavuja, mara nyingi kwenye kona ambapo ukingo umejikunja.

Na pwani wakati wa masika, pamba inaweza kuchukua zaidi ya siku nzima kukauka. Weka ya karatasi akiba kwenye buti, ifunge siku hiyo, maana gari likitakiwa alfajiri hakuna atakayekubali kuambiwa filta bado iko kwenye kamba.